Kabla Hujampa Mtu Alama: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanaounda Vipimo vya Afya na Lugha

Alama ya dodoso humfuata mtu. Huingia kwenye faili lake la hospitali, huamua kama ataandikiwa dawa, kama mwanawe ataambiwa amechelewa kusema, kama wilaya yake itatengewa fedha. Anayeunda au kutafsiri kipimo amekabidhiwa madaraka hayo, naye ana masharti ya kuyatimiza.

Anza na watu, usianze na karatasi. Sikiliza kwanza wanavyoeleza maumivu yao wenyewe. Hojaji ya dalili ya Kishona, ambayo Vikram Patel na wenzake waliiunda nchini Zimbabwe na kuichapisha mwaka 1997, ina maswali 14 yaliyotokana na kauli za wagonjwa, likiwemo la kuwaza kupita kiasi. Hivyo ndivyo kazi inavyoanza.

Usipime shule ukadhani unapima akili. Hapa watu wanaumizwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa. Kipimo cha kumbukumbu na akili cha Folstein na wenzake, cha mwaka 1975, kina alama 30, na kwa kawaida anayepata chini ya 24 hushukiwa kuwa na ugonjwa wa kusahau. Sasa mlete bibi wa Kilimanjaro ambaye hakuwahi kukaa darasani, mwenye akili timamu na anayejua madeni ya kijiji kizima. Anaambiwa asome amri na kuitii: alama moja imekwenda. Aandike sentensi: nyingine. Anakili mchoro wa pembetano mbili zinazoingiliana: nyingine. Kisha atoe saba kutoka 100, na saba tena, mara tano: alama tano. Akikosa hayo tu na kupatia mengine yote, amebaki na 22. Ameitwa mgonjwa kwa sababu hakushika kalamu utotoni. Watafiti waliofanya kazi na wazee wilayani Hai walitengeneza kipimo kifupi ambamo mzee hupanga vijiti vya kibiriti kwa kufuata mfano, badala ya kuchora. Fanya hivyo: tafuta kazi ya mikono inayopima kile kile bila kudai kalamu.

Usiridhike na tafsiri rejeshi, yaani kuirudisha tafsiri kwenye lugha ya awali ili kulinganisha. Watafsiri wawili wenye shahada wakielewana, umethibitisha kwamba wao wawili wameelewana. Mama wa Kwale bado hujamsikia. Msomee swali, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini na kwa nini amejibu alivyojibu. Dodoso la sonona la PHQ-9 huuliza mambo ya majuma mawili yaliyopita, na mojawapo ya majibu yake ni zaidi ya nusu ya siku. Katika Kiswahili siku ni ile ile, moja au nyingi. Mhojiwa anaweza kabisa kuelewa kuanzia asubuhi hadi alasiri. Jibu lake ni la kweli, ila limejibu swali ambalo hukuliuliza. Sema siku zaidi ya saba katika hizo 14, kisha ujaribu tena.

Usihesabu njaa kuwa sonona. Kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi mbaya huletwa pia na malaria, ujauzito na sufuria tupu. Waliotunga kipimo cha Edinburgh kwa akina mama waliojifungua, mwaka 1987, waliziepuka nyingi za dalili hizo za mwili makusudi.

Usiandike kwamba dodoso limethibitishwa kwa sababu alfa ya Cronbach imefika 0.8. Alfa husema maswali yanakwenda pamoja. Maswali tisa yanaweza kwenda pamoja vizuri sana, na yote yakawa yanapima uchovu. Uhalali unatafutwa kwingine: mtaalamu amchunguze mtu yule yule, kwa lugha anayoielewa, bila kujua dodoso limempa alama ngapi.

Usikope kikomo cha alama, yaani alama inayomtenga mgonjwa na mzima. Kumi kati ya 27 kwenye PHQ-9 ilipatikana kwa wagonjwa wa Marekani. Itafute upya kwa watu wako, kisha ufanye hesabu. Tuseme kati ya watu 1,000, wagonjwa ni 50. Dodoso linalowanasa wagonjwa 80 katika kila 100 litawapata 40. Likikosea kwa wazima 10 katika kila 100, litawaongeza watu 95 wasioumwa. Utatangaza wagonjwa 135. Ripoti ikisema asilimia 13.5 mahali penye asilimia 5, umedanganya wizara, hata kama hukukusudia.

Mhesabie mtoto maneno ya lugha zake zote. Kilifi, orodha za maneno ya watoto wadogo ziliandaliwa kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, zikasomwa kwa sauti kwa wazazi wasiojua kusoma. Mtoto mwenye maneno 40 ya lugha moja na 30 ya nyingine, ukimhesabia upande mmoja tu, umemzulia ulemavu.

Usilichukue dodoso la Dar es Salaam ukalipeleka Lubumbashi bila kulijaribu upya. Kiswahili kimoja hakimaanishi uelewa mmoja.

Usiulize habari ya kutaka kujiua kabla ya kupanga msaada. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza hivyo. Msaili ajue, kabla ya kutoka nyumbani, ni nani atakayempokea mhojiwa siku hiyo hiyo, na atamfikishaje. Huna mpango huo? Utafiti usubiri.

Omba ruhusa, kisha uchapishe. Kipimo cha Folstein kina mwenye hakimiliki; PHQ-9 hutumika bila malipo. Ukimaliza, weka hadharani maswali yote ya Kiswahili kama yalivyosomwa, pamoja na yale uliyoyatupa na sababu za kuyatupa. Muuguzi wa zahanati ya Mpwapwa anayahitaji kuliko jedwali lako.