Numero ya jiwe la kunolea na mavumbi yake



Watu wa atelie wanauliza: jiwe la kunolea numero 400 na karatasi ya emeri numero 400, ni sawasawa? Hapana. Na jambo hili linagusa mapafu yenu pia.

Numero ilitoka kwenye chungio: ni hesabu ya matundu katika inchi moja, yaani karibu milimetri 25. Matundu yakiwa mengi, punje zinazopita ni ndogo. Kwa hiyo numero ikipanda, punje inashuka.

Kipimo kisichobadilika ni mikroni. Milimetri moja ina mikroni 1000. Mugawanye 15000 kwa numero, mutapata mikroni kwa kukadiria. Mufano: 15000 kwa 60 ni 250, robo ya milimetri. Hesabu hii inafaa kwa mawe mpaka numero 220, na kwa karatasi. Kupita hapo, mawe yanaiacha. Ulaya wanaandika F kwa mawe, P kwa karatasi. F400 ni karibu mikroni 17, lakini P400 ni 35, mara mbili! Numero 400 ya Wajapani ni karibu 30. F600 ni mikroni 9, P600 ni 26. Mwenye kutaka karatasi inayolingana na jiwe F400 achukue P1000. Musome herufi kwanza, kisha numero.

Sasa mapafu. Unywele wa mutu una unene wa karibu mikroni 70. Vumbi la ukubwa huo linaanguka chini ao linashikwa puani. Linalofika ndani kabisa ya mapafu ni la mikroni 4 hivi na chini yake, na jicho halilioni. Wengine wanasema: « Jiwe langu ni la 60, punje zake kubwa, sina hatari. » Wanajidanganya. Numero inapima punje ikingali nzima ndani ya jiwe. Mukinoa, punje inavunjika, chuma kinasagika, na mavumbi hayo hayana numero.

Jiwe la mchanga la asili ndilo baya zaidi, kwa sababu lina silika. Huko Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, wanoaji waliotumia mawe hayo makavu walikufa vijana. Ugonjwa huo ni silikosi, na hauna dawa ya kuuponya. Mawe mengi ya kiwanda hayana silika hiyo, lakini kunoa vichwa vya kabidi vya kutobolea mwamba kunatoa vumbi la kobalti, nalo linaharibu mapafu.

Basi munoe kwa maji pahali inapowezekana. Kitambaa puani hakizuii vumbi dogo. Muombe maske ya kweli. Musipulize mavumbi kwa hewa ya kompresa. Na nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani mbele ya watoto, ziloweshwe.

Silikosi inafungulia kifua kikuu mulango. Mwenye kukohoa kupita wiki mbili aje dispansere, na amwambie muganga ananoa nini, kwa jiwe gani, kavu ao kwa maji.