Maganda ya Kahawa ni Mbolea

Ndugu mkulima, upelekapo kilo 100 za kahawa mbivu kiwandani, karibu kilo 40 ni maganda. Maganda hayo yamebeba naitrojeni na potasi kutoka udongo wa shamba lako. Ukiyaacha huko, shamba hupungua nguvu, nawe hutoa fedha kununua mbolea. Tena yakitupwa mtoni huoza, hewa iliyomo majini huisha, na samaki hufa.

Basi, omba maganda kiwandani ufanye hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na mto au kisima.

2. Tandaza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Juu yake weka maganda, kisha samadi na udongo kidogo. Rudia hivyo mpaka rundo lifike futi 4.

3. Funika kwa majani ya migomba, mvua isioshe chakula cha mimea.

4. Geuza rundo kila baada ya majuma matatu. Likikauka, nyunyiza maji. Likinuka vibaya, ongeza mabua makavu.

Baada ya miezi mitatu au minne mbolea huwa nyeusi, hufikichika mkononi, wala haina joto. Tia debe moja kwa kila mti, kuzunguka chini ya matawi, isiguse shina. Usitie maganda mabichi shinani, maana yakioza hutoa joto liwezalo kuunguza mizizi.

Swali la kujiuliza: Gunia lililobeba kahawa yako asubuhi, jioni lilirudi na nini?