Dondoo muhimu: Kuitambua amplifaya kuukuu ya gari isiyo na jina

Nguvu ya amplifaya ya gari iliyofutika jina husomwa kwenye fyuzi zake. Fyuzi 2 za ampia 20 ni ampia 40. Zikizidishwa kwa volti 13.8 za gari lililowashwa, hupatikana wati 552, na katika amplifaya nyingi za zamani nusu tu au zaidi kidogo ndiyo hufika kwenye spika. Zilizobaki huishia kuwa joto. Maandishi ya "1000W" juu ya kasha la namna hiyo hayafai kuaminiwa hata kidogo.

Umri hujulikana kwa kufungua kifuniko. IC (chipu) nyingi zina tarakimu 4 za tarehe: 8932 ni wiki ya 32 ya mwaka 1989. Kapasita zilizovimba kichwani ni sababu tosha ya kushusha bei.

Volti ya gari nayo iangaliwe: malori makubwa mengi hutumia volti 24. Amplifaya ya volti 12 haifai kuunganishwa humo moja kwa moja, itaungua.

Kwa jaribio la kwanza, balbu ya indiketa ya wati 21 huwekwa kati ya betri na B+ (tundu la umeme mkuu la amplifaya), na REM (tundu la kuiwasha) hupewa volti 12. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, ndani kuna shoti. Ikififia, mita huwekwa kwenye DC na matundu ya spika hupimwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, spika isiunganishwe.