SHUKRANI NYUMBANI BAADA YA DHIKI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Somo letu la mwaka huu ni shukrani. Hatukusudii ile ya siku ya harusi au ya matokeo ya mtihani, maana hiyo huja yenyewe. Tunakusudia shukrani ya ndani ya nyumba, siku ya kawaida, baada ya familia kutoka katika dhiki. Dhiki inapokuwepo tunamuomba Allah usiku na mchana. Ikiondoka, mara nyingi tunarudi kugombania zamu ya kuosha vyombo, na dua zile tunazisahau.

Tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 17 Machi shule zilitangazwa kufungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na wanafunzi wa msingi na sekondari, isipokuwa kidato cha sita waliotangulia, hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Ramadhani na Idd el-Fitri ya mwaka 1441 Hijria zilipita milango ya shule ikiwa imefungwa. Mwaka huo Hijja ilifanywa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, ilhali mwaka 2019 mahujaji walizidi milioni mbili. Walionuia safari kutoka kwetu wakabaki majumbani. Wapo ambao biashara zao zilikwama, na wapo waliofiwa. Wanafunzi wadogo hawakumbuki. Waulizeni wazazi wenu, mtasikia.

MAANA YA SHUKRANI

Wanazuoni wameeleza kuwa shukrani ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya moyo: kukiri kuwa neema imetoka kwa Allah. Ya pili ni ya ulimi: kumhimidi na kuitaja neema yenyewe. Ya tatu ni ya viungo: kuitumia neema katika yale anayoyaridhia. Katika Sura Ibrahim aya ya 7 Allah ameahidi kumzidishia mwenye kushukuru. Na katika Sura Saba aya ya 13 jamaa wa Nabii Daud (a.s.) waliamrishwa wafanye kazi kwa kushukuru. Tuzingatie hapo: amri ile waliambiwa watu wa nyumba moja, na waliambiwa wafanye kazi. Kwa hiyo mtoto anayekwenda kuteka maji bila kununa yumo ndani ya shukrani.

FUNZO KWA NABII YUSUF (A.S.)

Sote tunakijua kisa chake. Ndugu zake walimtupa kisimani, akauzwa, akafungwa gerezani, na baba yake Nabii Yaaqub (a.s.) akalia mpaka macho yakapofuka. Mwishowe familia ikakutana Misri. Katika Sura Yusuf aya ya 100 tunamsoma Yusuf akihesabu neema za Mola wake: ametolewa gerezani, na jamaa zake wameletwa kutoka jangwani.

Je, mmeona alichokiacha? Hakutaja kisima. Gereza amelitaja, kisima hakukitaja. Wafasiri wamesema alifanya hivyo ili asiwaaibishe ndugu zake waliokuwa wamesimama mbele yake. Hata ule ugomvi aliunasibisha na Shetani aliyewachochea.

Hili ni funzo kubwa kwa familia zetu. Dhiki ikipita, huwa yapo maneno yaliyosemwa wakati wa dhiki. Kaka hakutoa mchango wa hospitali, shangazi hakuja kuuguza. Ukiwa unamshukuru Allah kwa mgonjwa kupona, na papo hapo unamtupia kaka yako maneno, umekitaja kisima. Ulimi wenye shukrani hauchokonoi kidonda.

FUNZO KWA KAAB BIN MALIK (R.A.)

Sahaba huyu alibaki nyuma bila udhuru katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wasiseme naye, na hali hiyo ilidumu siku 50. Siku 10 za mwisho aliamrishwa ajitenge hata na mkewe. Asubuhi ya siku ya 50, baada ya sala ya alfajiri, alisikia sauti ya mtu juu ya mlima Sal'i akimpa bishara kuwa toba yake imekubaliwa. Kaab akaporomoka kusujudu. Kisha akamvulia mleta bishara nguo zake mbili, naye akaazima nyingine ndipo akaenda msikitini. Huko Talha bin Ubaydillah (r.a.) aliinuka, akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Kaab alisema jambo hilo hatalisahau kwa Talha.

Hapa tumepata shukrani mbili. Kwanza kwa Allah, kwa kusujudu. Pili kwa watu, hata kwa aliyetoa mkono tu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

TUSINGOJE YOTE YARUDI

Hapa kwetu Kalenga tuna makumbusho ya Mkwawa, na wanafunzi wengi mmeshayaona. Ngome ya Kalenga ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akafariki mwaka 1898, na fuvu lililochukuliwa likarudishwa tarehe 19 Juni 1954. Hiyo ni miaka 56. Katika miaka hiyo yote watoto walizaliwa, mahindi yalipandwa na kuvunwa, na watu waliamkiana "kamwene" asubuhi. Kama wangengoja kila kilichopotea kirudi ndipo waone kheri, wapo ambao wangekufa bila kuiona.

Mtume (s.a.w.) ametupa kipimo chepesi: anayeamka akiwa na amani, mwenye afya ya mwili, na ana chakula cha siku ile, huyo ni kama amekusanyiwa dunia nzima.

JE, ALIYEFIWA ASHUKURU VIPI?

Huzuni si kukufuru. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na hakusema ila linalomridhisha Mola wake. Basi nyumba yenye nafasi iliyo wazi kwenye mkeka wa chakula isilazimishwe kucheka. Inaweza kulia na kuhimidi kwa wakati mmoja. Kumuombea dua marehemu na kusimulia wema wake ni kuishukuru neema ya kuwa naye.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Tukimaliza kula tuseme Alhamdulillah, kisha tumshukuru aliyepika. Ugali na maharage havikujipika.

2. Tusaidiane kazi. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa sala unapofika.

3. Baada ya Magharibi kila mmoja ataje neema moja ya siku ile, hata ndogo. Bibi amelala bila kukohoa. Jirani ametupa mbegu za mboga.

4. Wazazi tusiitumie shukrani kumnyamazisha mtoto. Akisema viatu vinambana, tusimjibu, "Shukuru, wenzako hawana." Tumsikilize kwanza. Mtoto hujifunza kushukuru kwa kutuona tukishukuru.

5. Tumkumbuke aliyebaki katika dhiki. Bakuli la kande kwa mjane ni shukrani ya viungo.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Taja sehemu tatu za shukrani.
(b) Kwa nini Nabii Yusuf (a.s.) hakukitaja kisima?
(c) Ni nani aliyeisaidia familia yenu wakati wa dhiki na bado hamjamshukuru? Jibu la swali hili msituletee sisi. Mpelekeeni mwenyewe.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie nyumba zetu ziwe za wenye kushukuru, awarehemu waliotutangulia na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.