Tezi ya shingo na fomu ya bima

SWALI: Nameza levothairoksini kila siku kwa ajili ya tezi ya shingo. Nimeacha kazi kwa mkandarasi wa mgodi hapa Mwadui, bima ya mwajiri imekoma. Wakala wa bima binafsi anasema nisiutaje ugonjwa huu. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, dada. Yeye anatafuta kamisheni. Sahihi kwenye fomu ni yako. Ukificha, siku utakapolazwa kampuni itaomba faili lako, ikute vipimo vya homoni vya miaka iliyopita, na inaweza kukataa kulipa au kuvunja mkataba.

Andika ukweli, uambatanishe barua ya daktari na majibu ya karibuni. Tezi iliyotulia kwa dawa si sawa na iliyoachwa. Kampuni inaweza kuongeza ada, kukuwekea muda wa kusubiri, au kuuondoa ugonjwa huo kwenye mkataba. Hilo la mwisho si baya sana: vidonge hivi kwa kawaida si ghali, kinachofilisi ni upasuaji na kulazwa.

Kwanza, hata hivyo, uliza NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kama mumeo ni mwanachama kazini kwake, uandikishwe kama mwenza. Bima za vikundi nazo aghalabu hulegeza masharti. Wakala akiendelea kukushawishi udanganye, mripoti kwa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.