Sura ya 9: Joto la Injini na Jinsi ya Kutambua Hitilafu

Je, umewahi kuona gari limesimama kando ya mlima, mvuke ukifuka mbele yake? Watu husema, "Gari limechemsha." Katika sura hii tutajifunza kwa nini jambo hili hutokea. Tutajifunza pia jinsi fundi anavyotafuta chanzo chake bila kubahatisha.

Jinsi injini inavyopozwa

Petroli au dizeli huungua ndani ya injini. Sehemu ndogo tu ya nguvu yake huzungusha magurudumu. Sehemu kubwa hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, chuma hupanuka kupita kiasi, oili hupoteza utelezi wake, na injini hukwama. Kwa hiyo injini nyingi hupozwa kwa maji.

Pampu husukuma maji yazunguke ndani ya injini. Maji hupokea joto kutoka kwenye chuma, kisha huenda kwenye rejeta iliyo mbele ya gari. Rejeta ina mirija myembamba mingi, na hewa hupita katikati ya mirija hiyo. Hewa huchukua joto, maji hupoa na kurudi tena kwenye injini.

Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo uitwao thamostati. Injini ikiwa baridi, mlango huu hufungwa ili injini ipate joto upesi. Katika magari mengi hufunguka maji yanapofikia nyuzi 80 hadi 90 za Sentigredi.

Gari likienda kwa kasi, upepo hupita kwenye rejeta wenyewe. Likienda polepole au likisimama, upepo huo hautoshi. Hapo ndipo feni inapohitajika. Feni za aina moja huzungushwa na injini kwa mkanda wa mpira. Feni za aina nyingine huzungushwa na mota ya umeme, nazo huanza kuzunguka pale tu maji yanapopata joto jingi.

Kwa nini magari huchemsha mlimani?

Fikiria lori lililobeba vitunguu kutoka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Huko ni kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lori hupanda hadi Karatu, kwenye kiasi cha mita 1,500. Gari linaloendelea hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro hufika zaidi ya mita 2,200.

Katika mpando mkali dereva hutumia gia ndogo. Injini hufanya kazi kubwa na kutoa joto jingi, lakini gari linakwenda polepole na upepo ni kidogo. Ikiwa upepo unavuma kutoka nyuma ya gari, shida huzidi. Vumbi na mbegu za majani zikijaa kwenye rejeta, hewa hukosa njia.

Kuna sababu nyingine. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri tunavyopanda juu, kanieneo la hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi. Ukichemsha maji katika sufuria wazi huko Daa au Karatu, yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwenye ukingo wa Kreta yatachemka kwenye nyuzi 92 au 93. Kwa sababu hiyo rejeta hufungwa kwa kifuniko chenye springi. Kifuniko huzuia mvuke usitoke, kanieneo la ndani huongezeka, na maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kibovu kikivujisha mvuke, gari huchemsha upesi mlimani hata kama feni ni nzima.

Geji ya joto ni shahidi

Mbele ya dereva kuna geji ya joto. Mshale wake huonyesha kama maji ya injini ni baridi, ni ya wastani au yamepata joto la hatari. Habari hiyo hutoka kwenye kipande kidogo kilichofungwa katika injini mahali panapoguswa na maji. Mafundi hukiita sensa. Katika magari mengi sensa ikiwa baridi huzuia umeme. Ikipata joto hupitisha umeme mwingi zaidi, na mshale hupanda.

Basi geji si joto lenyewe. Geji ni shahidi anayetuletea habari za joto, na shahidi huweza kukosea. Mshale ukipanda, fundi hujiuliza kwanza: Je, injini ina joto kweli, au geji ndiyo mbovu? Hutafuta mashahidi wengine: mvuke, harufu ya maji yanayoungua, kiasi cha maji, na feni yenyewe kama inazunguka.

Dalili na maana zake

1. Mshale hupanda gari linapokwenda polepole au linaposimama, na hushuka gari linapokimbia kwenye tambarare. Hapa upepo wa mwendo unafanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Fundi huchunguza feni kwanza. Kama ni ya mkanda, hutazama kama mkanda umelegea. Kama ni ya umeme, huchunguza fyuzi, nyaya, swichi ya joto na mota.

2. Mshale hupanda hata gari linapokwenda kasi kwenye tambarare. Huenda maji yamepungua, rejeta imeziba, thamostati imekataa kufunguka, au pampu ni mbovu.

3. Mshale hupanda, na taa nyekundu ya betri huwaka wakati huohuo. Katika magari mengi mkanda mmoja huzungusha pampu ya maji na jenereta pia. Dalili hizi mbili zikija pamoja, yaelekea mkanda umekatika.

4. Asubuhi injini ikiwa baridi, dereva hufungua swichi na mshale huruka hadi juu mara moja. Maji hayawezi kupata joto kwa dakika moja. Geji ndiyo inayokosea. Huenda waya wa sensa umechubuka na kugusa chuma cha gari.

5. Mshale haupandi kabisa, hata baada ya safari ndefu. Huenda waya umekatika au sensa imekufa. Dereva asifurahi, kwa maana sasa hana shahidi.

6. Mshale wa joto na mshale wa mafuta hukosea pamoja. Si rahisi vitu viwili kuharibika siku moja. Fundi huchunguza kwanza kile kinachotumiwa na geji zote mbili, yaani umeme unaoziendesha.

7. Mshale ulikuwa juu, kisha umeshuka ghafla huku mvuke ukitoka. Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote. Huenda maji yamekwisha na sensa haiguswi tena na maji. Geji inasema "baridi" wakati injini inaungua. Dereva anayeiamini geji hapa ataua injini yake.

Fundi mzuri huchunguza jambo moja kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, gari likapona, hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na mwenye gari atakuwa amelipia vitu viwili bure.

Tahadhari

Mtoto asifungue kamwe kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani huweza kuwa na joto kupita nyuzi 100. Kifuniko kikifunguliwa, kanieneo hushuka mara moja, na maji hayo hugeuka mvuke na kuruka usoni. Watu wengi wameungua vibaya kwa njia hii.

Gari likichemsha, dereva hulisimamisha mahali salama, huweka mawe kwenye magurudumu ili lisirudi nyuma, na kuzima injini. Kisha husubiri ipoe kabisa, kwa nusu saa au zaidi. Asimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, kwani chuma huweza kupasuka. Wala mtu asipeleke mkono karibu na feni ya umeme. Huweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Jaribio: Je, upepo hupunguza joto?

Vifaa: makopo mawili ya bati yaliyo sawa, yenye vifuniko, maji ya moto, kipimajoto, kipande cha boksi, saa.

Hatua:
(a) Mwalimu atie maji ya moto katika makopo yote mawili kwa kiasi kilicho sawa, kisha ayafunike.
(b) Pimeni joto la maji katika kila kopo. Andikeni.
(c) Mwanafunzi mmoja apepee kopo la kwanza kwa boksi. Kopo la pili likae mbali, mahali pasipo na upepo.
(d) Pimeni tena baada ya dakika 5, 10 na 15. Andikeni matokeo katika jedwali.

Ni kopo lipi limepoa upesi zaidi? Kopo ni mfano wa sehemu gani ya gari? Boksi ni mfano wa nini?

Maswali

1. Kwa nini feni haihitajiki sana gari linapokwenda kasi?
2. Taja sababu tatu zinazofanya gari lichemshe mlimani kuliko kwenye tambarare.
3. Lori linapanda kutoka Mang'ola. Mshale umepanda karibu na alama ya hatari. Lilipofika Karatu na kwenda kasi kwenye tambarare, mshale ulishuka. Ungechunguza nini kwanza? Toa sababu.
4. Dereva anasema, "Geji yangu haipandi kamwe, kwa hiyo injini yangu haipati joto." Kosa lake ni nini?
5. Kwa nini ni hatari kufungua rejeta yenye moto?
6. Zungumza na dereva au fundi wa kijijini kwenu. Muulize ni hitilafu gani ya joto anayoiona mara nyingi, na jinsi anavyoitambua. Andika aya moja.