Kikosi kimepukutika, nitakipimaje?

SWALI: Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Michigan, naye amenitia mapenzi ya futiboli ya Kimarekani. Kila mwaka wachezaji wengi huondoka. Nitajuaje kama timu bado ina nguvu?

JIBU: Anza na safu ya mbele. Michigan ilitwaa ubingwa wa taifa Januari 2024, kisha ikampoteza kocha Jim Harbaugh, kwotabeki J.J. McCarthy na wachezaji wake wote watano wa mstari wa mbele wa mashambulizi. Watu waliuliza nani atarusha mpira. Kwangu swali zito zaidi lilikuwa nani atamkinga mrushaji, maana watano hao hucheza kwa kuzoeana, na mazoea hayaji kwa mwezi mmoja. Msimu uliofuata ubingwa, makwotabeki watatu walipokezana kuanza mechi, na timu ikamaliza na ushindi mara 8 na vipigo 5. Iliyoibeba ni ngome, iliyobaki na Mason Graham na Kenneth Grant katikati. Ndiyo iliyowezesha kuilaza Ohio State 13-10.

Wanaohamia kutoka vyuo vingine wapime kwa dakika walizocheza, si kwa sifa zao. Na mechi ya mazoezi ya Aprili isikusisimue sana: pale timu inajishinda yenyewe.